Kereng'ende Wanaokataa Kutua Gerejini Kwangu

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Mito na Vijito,
Ghorofa ya juu, mlango wenye pazia.

Ndugu Mkuu, uliyekabidhiwa kila kinachotiririka,

KUHUSU: KUCHAFULIWA JINA NA WADUDU

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, kiti hakilii na feni inazunguka. Mimi pia ni mzima, isipokuwa moyo, ambao umeumizwa na ofisi yako kwa namna nitakayoieleza hapa chini kwa utaratibu na kwa namba, kama mnavyopenda nyinyi wasomi.

Kwanza unifahamu. Mimi ndiye fundi wa ile gereji iliyo kando ya kijito, chini kidogo ya daraja, ambako magari huingia yanakohoa na kutoka yanaimba. Tunatengeneza injini, tunabadilisha oili, na tunaosha magari mpaka mwenye gari analipita akilitafuta. Shule niliiacha mapema, si kwa kushindwa, bali kwa sababu mwalimu wa hesabu alianza kuniuliza mimi majibu, nikaona tunapotezeana muda. Lakini masikio yangu yana shahada. Lori likiwa bado upande wa pili wa kilima, mimi nimeshajua ni bolti gani imelegea na kama dereva amegombana na mkewe. Hilo la mwisho usinibishie, waulize madereva.

Sasa, hivi majuzi ofisi yako imenibandikia tangazo kwenye geti. Linasema kijito ni kigonjwa kuanzia gerejini kwangu kwenda chini, na kwamba nisipochimba shimo la kunasa maji machafu na kuacha kumwaga oili na sabuni kijitoni, mwezi ukiisha gereji inafungwa. Nikauliza ni nani aliyenishtaki. Nilidhani ni jirani. Nilidhani ni yule fundi mwenzangu tunayemwita Turubai, ambaye gereji yake yote ni turubai moja na spana za kuazima. Kumbe siye. Nimeshtakiwa na kereng'ende.

Naomba uisome tena sentensi hiyo, maana hata mimi nilimwomba aliyeniambia arudie. Na aliyeniambia ni mtumishi wako, yule binti wa mabuti marefu na wavu begani. Huyo, Ndugu Mkuu, ni mpwa wangu wa damu, mtoto wa dada yangu mkubwa anayekaa huko juu, kijito kinapokata kona. Alifika akanipa shikamoo ya heshima zote, akamuulizia mke wangu, akawaulizia watoto mmoja mmoja, akanywa maji, akashukuru, halafu akatoa gundi mfukoni.

Nikamwambia, mpwa wangu, mimi? Akasema, Mjomba, sisemi mimi, wanasema kereng'ende. Kule juu kwa mama wapo wa kila aina, ukifika hapa kwako wanakoma kama barabara iliyokatika. Wateja waliokuwa wanasubiri magari yao walicheka mpaka mmoja akakaa chini juu ya tairi. Tangu siku hiyo mimi ni Mzee Kereng'ende, na mwanangu wa mwisho huko shuleni anaitwa Kereng'ende Mdogo. Turubai akipita barabarani anapunga mikono yote miwili kama mabawa, na hapo hana hata breki za kuaminika.

Gereji hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu. Ikifungwa, nitakaa barazani kutwa nikiwatazama majirani, na majirani watanitazama mimi, na maisha ya namna hiyo siyawezi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. SHAHIDI HAKUFIKA

Nimewahi kukaa barazani kwenye kesi nyingi, nyingine zangu. Siku zote mtu anahukumiwa kwa maneno ya aliyekuwepo. Mimi ndiye wa kwanza duniani kuhukumiwa kwa sababu ya wasiokuwepo. Mpwa wangu alisimama kwa mama yake, akapunga wavu, akaandika kwamba wapo. Akashuka kwangu, akapunga wavu, akasubiri, akafukuza nzi, akaandika kwamba hawapo. Basi, kesi imekwisha!

Kwa mtindo huo, Ndugu Mkuu, gerejini kwangu hata twiga hawapo. Mbona twiga hamjaniandikia?

Mpwa wangu akanieleza, kwa upole ule wa watu waliosoma ambao unakufanya utamani kugombana, kwamba kereng'ende anachagua pa kukaa, na kwamba asipochagua mahali pana maji, ujue maji hayo yana kasoro. Nikamwambia hata mimi nimealikwa kwenye harusi nyingi nikakataa kwenda, na mabibi harusi hawakuwa na kasoro yoyote.

2. MALEZI YA SHAHIDI

Niliomba nionyeshwe huyu anayeniharibia jina. Mpwa wangu akachota maji kwa mama yake, akayamimina kwenye beseni jeupe, akaniita. Ndugu Mkuu, kumbe huyu unayemwona angani amevaa mabawa ya kioo kama mgeni rasmi, utoto wake wote anakaa ndani ya maji, kwenye matope, amejificha chini ya jani, wengine mwaka na zaidi. Ana mdomo wa chini unaokunjuka kama mkono wa bawabu, unamdaka mtoto wa mwenzake, unamrudisha kinywani. Nilishuhudia kwa macho yangu, na aliyedakwa hakupewa hata nafasi ya kujitetea. Nikaona, aha, tabia ilianza mapema.

Lakini la kunimaliza ni hili, na uniwie radhi kwa kuliandika kwenye barua ya ofisi. Mtoto wa kereng'ende anapumua kwa nyuma. Kwa huku huku tunakokalia. Anavuta maji ndani, anayatoa, na akitaka kukimbia anayatoa kwa nguvu zaidi. Mpwa wangu anasema ndiyo sababu maji yakiwa na oili na sabuni, mtoto huyo ndiye wa kwanza kufa, kwa kuwa hana pengine pa kupumulia. Mimi nasema hivi: ofisi ya serikali yenye ghorofa, mihuri na lifti imeyaweka maisha yangu mikononi mwa kiumbe anayepumulia matako, nami ninayepumulia pua sijaulizwa neno.

3. UPENDELEO

Ofisi yako ina upendeleo wa wazi. Gerejini kwangu yupo kereng'ende. Ni mwekundu, mnene kiasi, mwenye sauti ya mabawa. Anatua kila siku kwenye waya wa kuanikia vitambaa, juu ya dimbwi la oili, na anakaa hapo akitazama kazi inavyokwenda. Tumempa jina la Meneja. Nikamwambia mpwa wangu, mhesabu huyo! Akasema, Mjomba, huyo ni wa popote, hata kwenye maji ya kwato la ng'ombe anakaa, hasemi chochote kuhusu kijito. Eti si wingi wao tu anaotazama, ni aina zao.

Umeona? Anayenikimbia anaaminiwa, anayenipenda anaambiwa ni wa popote. Meneja aliondoka hapo kwa huzuni, akarudi mchana.

Tena kuna jambo ambalo mpwa wangu hakulipenda. Tulikuwa tumemaliza kuosha gari moja jeusi, limeng'aa mpaka mawingu yanapita juu ya boneti. Mara akaja kereng'ende jike, akashuka, akachovya mkia kwenye boneti, akainuka, akachovya tena. Alikuwa anataga mayai! Juu ya gari! Niliita watu wote waje kutazama. Huu ndio usafi wa kazi yangu, nikasema, mdudu ameuona mto, ameuona mto wote, akachagua boneti. Mpwa wangu akasema yule mama ameudhani mng'ao ni maji. Akaweka kiganja chake juu ya boneti, akakiondoa haraka kwa joto la jua, akasema mayai yale yameshaiva. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa. Mimi nililichukua kama pongezi, na mpaka leo mwenye gari anatamba nalo.

4. MASHARTI YA BIBI HARUSI

Kuna hawa wengine, jamaa zao wembamba. Mimi nawaita sindano. Kereng'ende mkubwa akitua ananyoosha mabawa yake kama shati kwenye kamba, lakini sindano akitua anayakunja mgongoni kwa adabu, na macho yake yako mbalimbali kama taa za lori. Wako wa buluu, wako wenye mkia mwekundu, wako wanaong'aa kijani kama kibati kipya. Ni wazuri, hilo sikatai. Kwa dada wamejaa tele.

Hawa ndio wenye kiburi kuliko wote. Sindano anataka kivuli. Anataka mti uinamie maji. Anataka matete ya kutagia mayai, anataka maji yanayokwenda, anataka jiwe safi, na anataka akiketi asisumbuliwe na sauti ya kompresa. Mimi mke wangu nilimwoa kwa masharti machache kuliko hayo, na amenizalia watoto.

Mpwa wangu ameandika kwamba nilikata miti ya ukingoni na kung'oa matete. Ni kweli, na ninajivunia. Niliikata kwa faida ya kijito chenyewe. Kilikuwa gizani, hakipati jua, hakionekani na wateja. Sasa kinapata jua kutwa, maji yana joto la kuogea, na magari mengi yanaegeshwa pale pale palipokuwa na matope na vyura wa kelele. Nani mwingine amekifanyia hivyo kijito hiki? Ofisi yako ilipanda nini pale? Ilipanda kibao kisemacho USITUPE TAKA, na chini ya kibao hicho ndipo watu wanapotupa taka, maana wanajua ni mahali panapotambuliwa rasmi.

5. MAJI YENYEWE

Watu wanasema maji yangu ni machafu. Nakuomba utumie akili, si wavu. Katika maji hayo nimetia sabuni, mwaka baada ya mwaka, ya unga na ya maji, mifuko kwa madumu. Maji yenye sabuni yanawezaje kuwa machafu? Hakuna kijito kilichooshwa kama kile. Povu linashuka mpaka kwenye mashamba ya kule chini, na wenye mashamba hawajawahi kunishukuru. Na ile oili inayoelea juu, ikipigwa na jua inatoa rangi zote za upinde wa mvua. Kwa dada maji hayana rangi kabisa.

Ni kweli maji ya kunywa ya nyumbani kwangu tunayachota kwa dada, na mimi mwenyewe kuoga naoga kule. Lakini hiyo ni kwa ajili ya kudumisha undugu.

Na hapa, Ndugu Mkuu, niseme kwa heshima. Gari lako jeupe la ofisi, lenye picha ya samaki mlangoni, huoshwa kwangu. Dereva wako analileta likiwa na matope ya safari zako za kukagua mito, tunaliosha ndani na nje, na matope, grisi na sabuni yake vinakwenda huko huko vinakokwenda vya wengine. Hata ile oili iliyomwagwa siku moja kabla tangazo halijabandikwa ilitoka kwenye injini yako. Kwa hiyo kama mimi ni mgonjwa, na wewe unakohoa. Sikusudii kukutisha. Nakukumbusha tu kwamba sisi ni washirika, na mshirika hambandikii mwenzake tangazo getini.

6. UASI WA KIHISTORIA

Kereng'ende wasije wakakudanganya kwamba wao ni wageni wasiopajua kwangu. Nilipokuwa kijana, pale pale ilipo gereji sasa, kereng'ende walikuwa wengi hata ukipiga miayo unalazimika kuwaomba radhi. Na ukubwa wao! Kuna mmoja alinyanyua kofia yangu kichwani, akavuka nayo ng'ambo, nikamfokea, akairudisha. Mwingine alitua kwenye usukani wa baiskeli yangu, baiskeli ikakata kona yenyewe. Mpwa wangu mwenyewe nilimbeba hapo mabegani akiwa mdogo, kabla sijajenga. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kumnyemelea kereng'ende kutoka nyuma, na jinsi ya kumfunga uzi kiunoni kwa fundo lililolegea ili asiumie, ukamrusha kama tiara, ukamfungua, akaenda zake. Alikuwa analia tukiwafungua. Yale yote anayojua alianzia kwangu, shahada ile nusu yake ni yangu, na ningeshukuru mkinikatia kipande changu.

Sasa nauliza. Wao waliondoka kijitoni, mimi nimebaki. Kati yangu na kereng'ende, ni nani mwaminifu kwa mahali hapa?

7. SIKU YA UZI

Hili najua mmeshalisikia, na najua limesimuliwa vibaya, kwa hiyo nalinyoosha.

Mpwa wangu alisema atarudi na wenzake wawili kuthibitisha. Nikaona, kama shida ni wageni kutofika, mwenye nyumba anawafuata. Asubuhi ile, jua halijapata nguvu, nilipanda kwa dada. Wakati ule kereng'ende wamelala kwenye matete, wamelowa umande, wamekakamaa kwa baridi kama nguo zilizotiwa wanga, unawachuma tu kama mboga. Nikawachuma wa kila aina, wakubwa kwa sindano, nikawatia kwenye beseni na kulifunika kwa chandarua. Dada alinitazama kutoka mlangoni, akaniuliza kama mke wangu amenifukuza. Nikaendelea kuchuma. Kazi ya utafiti inahitaji utulivu.

Nikarudi gerejini, nikachukua uzi wa mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Bahati mbaya uzi wenyewe ulikuwa ule wa kung'aa, wa gauni la bibi harusi aliyekuwa anakuja kulichukua mchana. Nikamfunga kila mmoja kiunoni, ncha ya pili nikaifunga kwenye fito nilizochomeka ukingoni. Jua lilipopanda, Ndugu Mkuu, ungelia. Kijito changu kilijaa mabawa! Wa buluu, wa kijani, wenye mkia mwekundu. Mke wangu alitoka, akatazama, akatazama kibweta chake cha nyuzi, akasema, baba watoto, watu wa umri wako wanafuga kuku.

Wakafika. Wale wenzake wawili wa mpwa wangu waliduwaa. Mmoja alishaanza kutabasamu na kunipa mkono. Lakini mpwa wangu aliwatazama wanavyoruka. Akasema tu kwamba ni ajabu, wote wanaruka kwa duara, na kila mmoja na duara lake. Akaingia kwenye maji na yale mabuti, akamdaka mmoja, akamgeuza, akalitazama fundo. Hakuutazama uzi, alilitazama fundo. Akasema, hili ni la Mjomba.

Nilimfundisha mwenyewe, na mkono wangu ndio uliosoma ushahidi dhidi yangu. Sasa wewe ungefanyaje?

Hakunifokea. Ningependelea anifokee. Aliwafungua mmoja mmoja, taratibu, kwa kuvuta ule uzi kwa pembeni kama nilivyomwelekeza zamani zile, na kila aliyefunguliwa alipanda juu kidogo, akazunguka mara moja, akaelekea kwa dada. Wote. Hakuna hata aliyejaribu kutua kwanza apumzike. Sindano mmoja alikuwa amechoka hawezi kuruka sawasawa, na bado alikwenda, akishika jani hili na lile, kuelekea huko huko juu. Meneja alibaki peke yake kwenye waya. Wale wawili wakaandika. Mpwa wangu hakuandika kitu, alikuwa ameugeuzia uso mto.

Tangu siku hiyo hajaja kula kwangu. Na bibi harusi alivaa gauni lenye pindo moja la uzi wa kawaida, nalo limehesabiwa kwangu.

Narudia kwamba huo haukuwa udanganyifu. Ulikuwa usafiri. Serikali ngapi zinawasafirisha watu kwenye mikutano yao ili uwanja ujae, na hakuna anayeangalia fundo?

MAOMBI YANGU

Kutokana na hayo, naiomba ofisi yako yafuatayo, na naomba myachukue yote pamoja kwa sababu yanategemeana.

Tangazo libanduliwe, kwa sherehe, mbele ya wateja walewale waliocheka.

Kereng'ende waandikiwe barua kali ya kuwataka warudi kwenye kituo chao cha zamani. Wakikaidi, wasihesabiwe tena mahali popote, hata kwa dada, ili wajue uchungu wa kutohesabika.

Mpwa wangu ahamishiwe kazi nyingine yenye heshima, kwa mfano kuhesabu viti vya ofisi. Viti havikimbii mtu. Ni binti mwerevu na simtakii mabaya, lakini siwezi kukaa naye mezani tukila huku najua kichwani mwake anahesabu kilichopungua.

Na ombi kubwa kuliko yote ni kwamba mbadilishe mdudu. Mmemchagua dhaifu, mwenye kudeka, anayezimia kwa tone la dizeli. Mtu mzima anapimwaje na kiumbe wa namna hiyo? Napendekeza mchukue wadudu wavumilivu. Nzi, kwa mfano. Kwa nzi, gereji yangu haina mpinzani. Au mbu. Tangu kereng'ende waondoke, maana wao ndio waliokuwa wanawala, mbu wangu wameongezeka kwa namna ya kutia moyo, wanazaliana kwenye matairi na kwenye kijito chenyewe, na wanangu wawili wameshalazwa kwa homa, kuonyesha jinsi mbu hao walivyo na afya. Kuna na vile viminyoo vyekundu vinavyocheza kwenye tope jeusi. Mpwa wangu anasema navyo vinasema jambo kuhusu maji. Basi viulizwe! Mkipima kwa nzi, mbu na viminyoo, kijito changu kitakuwa cha kwanza, na cha dada yangu kitashika mkia.

Nakuahidi kwamba mkitimiza haya, gari lako litaoshwa kama kawaida, na nitaliondolea ile harufu ya kiti cha nyuma bila kuuliza imetoka wapi.

Nisalimie wote hapo ofisini. Msalimie karani wa mlangoni aliyeniambia nisubiri na mpaka leo hajaniambia niache. Msalimie bawabu, tuliwahi kuvuta lori pamoja, mimi mbele. Msalimie dereva wako na umwambie bearing ya gurudumu la nyuma kushoto inalia, nimeisikia kutoka nyumbani. Msalimie mama nyumbani kwako na watoto. Na kama mpwa wangu atakuwepo siku unaisoma barua hii, naye msalimie, lakini kwa namna ambayo haitaonekana imetoka kwangu.

Ni mimi, mtiifu kwa sheria zote zisizonigusa,

Fundi Mkuu, Mwenye Gereji,
Mjomba wa Mtumishi Wako,
Mlezi wa Meneja

Nyongeza: Barua nilishaifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika kwa sababu ya jambo la dharura. Asubuhi hii nimepanda kwa dada na madumu yangu kuchota maji ya kunywa kama kawaida, na nani ninamkuta? Turubai! Amesimamisha nguzo zake juu ya kona, upande maji yanakotoka kabla hayajafika kwenye jiwe letu la kuchotea. Ameshaangusha mti mmoja, ameufunga wa pili kamba, na mpira wa maji ameutandaza. Eti anafungua pa kuosha magari, maana kwangu panafungwa. Ndugu Mkuu, huyo mtu ataua kijito! Maji hayo tunakunywa! Wanangu ndiyo kwanza wametoka hospitali! Tafadhali mtume mpwa wangu leo hii, si kesho, na wavu, na beseni, na yale mabuti, awaandike kereng'ende wote wakiwa bado wapo, kila aina, na aanze na sindano, maana hao ndio wa kwanza kuondoka, na wakiondoka hawamsingizii mtu. Wadudu wale hawajui uongo. Yale maombi ya viti, nzi na viminyoo yawekeni pembeni. Tangazo la getini kwangu msijisumbue kulibandua, nitalibandua mwenyewe nilipeleke kwa Turubai, gundi yake bado nzuri. Na kama ofisi haina gari, mwambie mpwa wangu anipigie, nitamfuata. Mwambie Mjomba amesimama hapa kwenye kona, amezungukwa na mabawa, na safari hii sijamfunga yeyote uzi.